Kazi ya Mikono: Rezini Haipendi Baridi



Mwezi huu ukurasa wetu unawapeleka mbali, mpaka kwa watu wa bahari, wale wanaosimama juu ya ubao na kuteleza juu ya wimbi. Wengine watauliza: sisi watu wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, tuko na maneno gani na mawimbi? Pwani yote ya inchi yetu, kule Muanda na Banana, ni kilomita 40 hivi tu, na kutoka Lubumbashi ni mbali kuliko kufika Dar es Salaam. Ni kweli. Lakini ngojeni kidogo. Mu kazi ya kutengeneza mbao zile muko kitu kimoja kinachotoka chini ya udongo wetu. Tena baridi ile tunayoisikia mu mwezi wa sita na wa saba, njo inaharibu kazi ya wafundi wale. Mukisoma mpaka mwisho mutajua hata juu ya nini mastiki ya gari inakataa kushika asubui mu garaje.

Mchezo wenyewe ni wa watu wa visiwa vya Hawaii, tangu wakati wa mababu wao. Aliyeutembeza duniani kuliko wote ni Duke Kahanamoku, yule aliyepata medali ya zahabu ya kuogelea kule Stockholm mu mwaka wa 1912. Mwisho wa 1914 akauonyesha watu wa Sydney, Australia. Wakati ule ubao ulikuwa muti mutupu. Ubao wake mumoja unaojulikana sana ulipita kilo 50, ni kusema mufuko wa simenti! Leo ubao mufupi ni kilo tatu hivi, mutoto anaubeba kwapani.

Uzito ulienda wapi? Kisha vita ya 1939–1945, wafundi wa California walianza kuvika muti mwepesi kitambaa cha nyuzi za kioo, wakakilowesha na rezini. Mwisho wa miaka ya 1950, Hobie Alter na Gordon Clark wakatoa muti, wakaweka povu gumu mahali pake, ni sawa vile musi ya matela lakini kavu na ngumu. Clark akafungua kiwanda chake mu 1961. Mu mwezi wa kumi na mbili 2005 alikifunga gafula, siku moja tu, na wafundi wa inchi nyingi wakabaki mikono mitupu, juu wengi sana walikuwa wakinunua povu kwake. Tangu pale watu walifungua macho, wakaanza kutafuta povu na rezini za namna zingine.

Pembeni ya viwanda, kuko watu wengi wanaotengeneza ubao wao wenyewe nyumbani, mu garaje, nyuma ya jiko, popote. Na hawakai wote mahali pa joto. Cornwall kule Uingereza, Santa Cruz kule kaskazini ya California, Torquay kule Victoria mu Australia, zote ni pahali pa mawimbi mazuri na pa baridi. Torquay njo kule Doug Warbrick na Brian Singer walianza Rip Curl mu 1969, kwanza kwa kutengeneza mbao. Tena angalieni: Australia iko upande wa kusini sawa sisi, basi baridi yao inaingia mu miezi ile ile ya kwetu.

Sasa tuingie mu kazi. Fundi anachonga povu mpaka lipate umbo. Analilaza juu ya viguzo viwili, analitandikia kitambaa cha kioo, anakata kingo. Kisha anachanganya rezini na dawa ya kuigandisha, anamwanga juu ya kitambaa na kuitandaza na kipande cha kauchu, kutoka katikati kwenda kando. Kitambaa cheupe kinapotea macho, kinakuwa sawa maji. Kwa upande mumoja anatumia kati ya nusu litre na litre moja. Kuanzia pale dawa iliingia mu rezini, saa inamukimbiza. Mu joto la digri 20 mpaka 25 iko na dakika 15 au 20 hivi, kisha rezini inaanza kushikana sawa mayai ya kukaanga, na ukiendelea kuigusa unaiharibu.

Rezini hii wanaita poliesta. Imeyeyushwa ndani ya maji ya dawa moja ya harufu kali, wanaita stireni. Kitu kinachoanzisha kazi ni perokside, dawa nyeupe kama maji, na inatiwa kidogo sana: kilo moja ya rezini inataka gramu 10 mpaka 20, ni kusema 1 mpaka 2 kwa mia. Perokside ikivunjika, vipande vyake vinakamata rezini na stireni na kuvifunga pamoja, kamba na kamba, mpaka vyote vinakuwa jiwe moja.

Lakini perokside peke yake haivunjike vizuri pasipo moto. Nani anaivunja mu garaje ya baridi? Ni kobalti. Ndiyo, ile ile ya kwetu. Wenye viwanda wanatia kobalti iliyoyeyushwa ndani ya rezini mbele ya kuiuza, kidogo sana, mu kilo moja ya rezini kobalti yenyewe haifike gramu moja. Hii gramu isiyofika njo inafanya kazi yote ianze. Wale waliotumika mu mine wataelewa haraka: kobalti ni kapita. Hashike pelle, habebe udongo, lakini asipokuwa pale hakuna mutu anayeinama. Inavunja perokside moja, inageuka, inarudia hali yake, inaenda kwa ingine, tena haimalizike.

Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Shituru kule Likasi na Luilu kule Kolwezi ni majina ambayo baba na babu wengi wa wasomaji wetu wanayajua kwa miguu yao. Mu 1978, wakati wa vita ya Kolwezi, bei ya kobalti duniani ilipanda mara nyingi, juu wanunuzi wote waliogopa. Siku hizi sehemu kubwa inaenda mu batri za telefone na za magari. Sehemu ndogo inaenda mu dawa za kukausha rangi ya mafuta na za kugandisha rezini. Basi kijana wa Cornwall anayevika ubao wake mu garaje ya baba yake, inawezekana kabisa mu bidoni yake muko jasho la mutu wa Kolwezi, na hajue. Na kijana wa Kolwezi hajue vilevile. Tumeona ni vizuri angalau mumoja wao ajue.

Turudie baridi. Hata kapita anasikia baridi. Wafundi wa kemia wako na kipimo kimoja cha karibu-karibu: joto likishuka digri 10, kazi inaenda nusu ya mbio yake. Rezini iliyoshika mu dakika 20 pale hewa ilikuwa digri 25, mu asubui ya digri 10 inaweza kupita saa moja ingali maji.

Mutu anaweza kusema: si vizuri? Nitapata wakati wa kutumika pole pole. Hapana. Kwanza, rezini iliyokaa maji wakati murefu inatelemuka. Inatoka juu ya ubao, inafuata kingo, inachuruzika chini. Juu kitambaa kinabaki kikavu na cheupe, chini kunafanyika matone makubwa. Pili, stireni inaruka hewani sawa petroli. Ikiruka mingi, kamba zile zinakosa kitu cha kuzifunga, na rezini inabaki laini hata ungengoja wiki. Unaipiga msasa, inajaza karatasi sawa bukari. Unasimama juu ya ubao, kisigino kinaacha shimo.

Tena baridi inafanya rezini iwe nzito. Kila mama anajua chupa ya mafuta ya ngazi mu mwezi wa saba: asubui unaigeuza, hakuna kinachotoka. Rezini haifike pale, lakini iko na tabia ile. Haingie mu nyuzi, inakaa juu yake, na hewa inabaki ndani, vidoti vyeupe kila mahali.

Hapa njo vijana wengi wanaangukia: wanaongeza dawa. Kuongeza kidogo si vibaya, wafundi wenyewe wanatoka 1 kwa mia wakati wa joto na kufika 2 wakati wa baridi. Lakini kuna kipimo. Ukipita 3 kwa mia hivi, unapata rezini ya manjano na ya kuvunjika, juu ile dawa inauzwa imechanganywa na mafuta yake, na mafuta yale hayagande. Ubaya mwingine: ile iliyobaki mu ndoo. Rezini ikiganda inatoa joto, sawa vile simenti inatoa joto kidogo, lakini hii inazidi sana. Juu ya ubao ni nyembamba, joto linatoka. Mu ndoo limefungwa, linajipandisha lenyewe, linaanza kutoa moshi. Fundi mwenye akili anamwanga mabaki mu kitu kipana, inje, mbali na vitu vya kuwaka.

Dawa njema kuliko kuongeza dawa ni kupasha vitu joto mbele ya kuanza. Nasema vitu, sisemi hewa peke yake. Mutu anawasha shofaje saa moja, anasikia mwili umepona, anafikiri kazi iko tayari. Lakini bidoni ya rezini ilikaa juu ya simenti usiku mzima, na ndani yake ingali digri 8. Iondoe chini tangu jana, uiweke juu ya mbao, ndani ya nyumba yenye joto. Povu nalo likae mule usiku ule, na kitambaa vilevile, kisinyonye unyevu.

Kisha kuna siri moja ambayo wafundi wa zamani wanashika sana, na mimi naona ni nzuri kuliko zote. Povu lina vyumba vidogo vidogo vya hewa. Ukimwanga rezini wakati povu linazidi kupata joto, hewa ile inapanuka, inatoka, inapiga matundu mu rezini mbichi, ubao mzima unakuwa sawa ngozi ya mutu wa surua. Ukimwanga wakati povu linaanza kupoa, hewa inasinyaa na kuvuta rezini ndani ya nyuzi. Basi wanapasha nyumba mpaka digri 25 hivi, wanazima moto, ndipo wanachanganya. Joto linashuka pole pole, kazi inashikamana. Mu inchi ya jua wanafuata akili ile ile: wanavika saa za nyuma ya muchana, pale jua limeanza kulegea, hawavike asubui wakati linapanda.

Nimesema wanazima moto. Hii si kwa ajili ya matundu tu. Wazazi, musome hapa pole pole. Mvuke wa stireni unawaka. Tena ni muzito kuliko hewa, unashuka na kutambaa chini, na shofaje nyingi zinakaa chini. Moto wa wazi na rezini mbichi mu chumba kimoja, hapana, hata dakika moja. Na chupa ya perokside isiwekwe hata siku moja juu ya shofaje eti ipate joto. Dawa ile inatunzwa mahali pa baridi, na haichanganywe kamwe na dawa ya kobalti uso kwa uso, pasipo rezini kati yao: inaweza kulipuka. Tone moja mu jicho linaweza kupofusha. Njo maana mutu anavaa miwani ya kazi mbele ya kufungua chupa. Ikiingia, ni maji safi mara moja, dakika 15 na zaidi, kisha hospitali, hata kama maumivu yamepoa. Mu chumba kilichofungwa juu ya baridi, kitambaa cha puani hakitoshe, kinazuia vumbi paka. Inatakiwa maski yenye chujio la mvuke wa dawa, na dirisha moja wazi, hata kama baridi inaingia.

Kwetu shofaje ya umeme si ya kila nyumba, na umeme wenyewe munaujua. Kwetu ni mbabula. Makala yakiwaka mu chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi; mutu anasikia kichwa na usingizi, analala na haamuke. Kila wakati wa baridi kuko jamaa zinazolia juu ya jambo hili. Mu nyumba ya kulala mbabula inatoka mbele ya kufunga mulango. Mu nyumba ya rezini haingie kabisa.

Shofaje ya petroli ya taa nayo iko na ubaya ambao watu hawauone. Petroli ikiwaka inatoa maji: litre moja iliyowaka inamwanga hewani karibu litre moja ya maji. Maji yale yanakwenda kukaa juu ya kitu cha baridi kuliko vyote, na kitu kile mara nyingi njo ubao wako.

Unyevu unasumbua zaidi rezini ya aina ya pili, epoksi. Hii inatumiwa juu ya povu jeupe jepesi, lile la kufungia televizio ndani ya katoni, juu poliesta inalikula povu lile na kuliyeyusha. Epoksi haijue kobalti wala perokside. Ni vitu viwili vinavyooana kwa hesabu, mara nyingi 2 kwa 1. Hapa kuongeza dawa ya pili haiongeze mbio hata kidogo: kile kilichozidi kinakosa mwenzake na kinabaki laini milele. Anayetaka mbio anunue ile iliyoandikwa ya haraka, ya wakati wa baridi. Mu baridi na unyevu, epoksi inatoa utelezi juu yake, sawa mafuta. Usipige msasa juu ya utelezi ule. Uoshe kwanza na maji ya moto kidogo na sabuni, ukaushe, ndipo uendelee, kama hapana tabaka la pili litabanduka. Na epoksi iliyokaa baridi wakati murefu inaweza kuganda chembe chembe, nyeupe, sawa asali. Wengi wanaitupa. Bure! Weka chupa yake mu maji ya moto ya digri 50 hivi, ikoroge mpaka iangaze, inarudia uzima.

Kuna na rezini ya jua. Inangoja mwangaza tu; mu kivuli inabaki maji, ukiitoa inje jua linaishika mu dakika chache. Kwa watu wa baridi imekuwa musaada mukubwa, ingawa rezini ya baridi bado ni nzito na kitambaa bado kinataka kulowa vizuri. Mawingu ya Cornwall yanaichelewesha, hayaizuie.

Kijana anayetaka kujifunza kazi yoyote ya rezini apate kwanza termometre na kaye. Achanganye gramu 100, amwange nusu juu ya kipande cha kitambaa, nusu aiache mu kikombe, kisha aandike: tarehe, digri ngapi, gramu ngapi za dawa, dakika ngapi. Ile ya kikombe itashika mbele, juu inajipasha yenyewe. Ile ya kitambaa njo inasema kweli. Kaye ya miezi mitatu inapita maneno ya fundi anayesema "tia paka kidogo".

Sasa mastiki yetu ya garaje. Nayo ni poliesta, na ile tube ndogo ya rangi nyekundu ni perokside, ndugu ya ile ya wafundi wa mbao. Asubui ya mwezi wa saba, saa moja, bati la gari limelala inje na baridi yote ya usiku iko ndani yake. Mutu wa tolerie anakanda mastiki, anapaka, anangoja, hakuna. Anakanda ingine, anabinya tube mara mbili. Inashika, wanapiga msasa, wanapaka rangi nyeupe nzuri, mwenye gari analipa na kwenda. Kisha siku chache doa la manjano linatokea pale pale, limepita rangi kutoka chini. Ni perokside iliyozidi. Inabidi kukwangua yote na kuanza tena, na franga ya rangi inatoka mu mufuko wa nani, munajua wenyewe. Pale Lubumbashi asubui ya baridi muchana inafika hata digri 25. Geuzeni gari, upande wenye kazi utazame jua, mufanye kwanza kazi ya nyundo, na mastiki mufungue saa ine, wakati mukono ukigusa bati hausikie baridi tena.